Redio wa Zege

Kazi ya mke wangu ilikuwa kupiga kelele kwenye zege. Wengine wakifiwa husema marehemu alikuwa mwalimu, marehemu alikuwa muuguzi. Wangu alipiga kelele, watu wakafanya kazi, nyumba zikasimama.

Asiyejua kumwaga zege nimweleze kidogo. Ghorofa ikifika kwenye dari, zege lote linamwagwa siku moja. Ukilikatisha, la kesho halishikani vizuri na la jana, na hapo ndipo nyumba itapasuka. Kwa hiyo vibarua wanapanga mstari toka kwenye rundo la zege bichi mpaka juu ya ngazi, na karai linapita mkono kwa mkono tangu asubuhi. Hakuna kukaa. Ndiyo maana watu wanasema zege halilali. Mikono ikichoka mstari unalegea, na mstari ukilegea zege linaanza kukauka ndani ya karai. Hapo unahitajika mdomo.

Mdomo ulikuwa wake. Walimwita Redio.

Alipokea karai kama wengine, katikati ya ngazi, ila hakunyamaza.

"Karai likija?"

"Lipishe!"

"Likikaa?"

"Litazaa!"

Akimwona mtu anazubaa: "We kaka, naona unalibembeleza hilo karai. Utalinyonyesha lini?" Kulikuwa na mmoja mrefu sana, tulimwita Mlingoti. Huyo kila siku aliambiwa, "Inama, baba, karai halina mabawa." Watu walicheka, na mtu anayecheka husahau kama mkono unauma. Asubuhi vibarua waliuliza kwanza, "Redio yupo leo?" Akiwepo, walivua mashati. Asipokuwepo, kila mmoja alikumbuka mgongo wake.

Mimi nilikuwa fundi wa nondo. Fundi wa nondo anachuchumaa juu, anafunga chuma kwa waya, maneno hayana kazi huko. Siku ya kwanza aliponiona alipaza sauti toka kwenye ngazi:

"Na yule wa juu, bubu au kameza waya?"

Mstari mzima ukanigeukia.

"Nimemeza," nikasema.

Alicheka mpaka karai likamponyoka. Msimamizi akamfokea. Yeye akanitazama akasema, "Umeniponza, Bubu." Jina likaganda hapo hapo, kama zege. Tulipooana vibarua walisema Mungu ana mizani yake, Redio kapewa Bubu, nyumba itapata wastani.

Alikuwa mtoto wa kwanza kwao. Baba yao aliwaacha wadogo, na mama yao alikuwa na neno lake moja: "Wewe ndiyo nguzo." Neno hilo alilisikia kabla hajajua kufunga kanga vizuri. Nguzo haichezi. Nguzo haiulizwi kama imechoka. Kwenye zege alikuja kwa shida, kama sisi wote, lakini huko ndiko alikogundua kwamba ana sauti. Aliniambia mara moja, "Nyumbani nilikuwa nabeba nikiwa nimenyamaza. Huku nabeba huku nasema. Kumbe uzito si ule ule."

Tukapata binti mmoja.

Halafu mama mkwe akaugua, akapooza upande mmoja. Wadogo wa mke wangu walikuwa bado wanasoma. Shemeji, aliyemfuata kuzaliwa, alikuwa dereva wa mkuu wa ofisi moja kubwa. Akaja na habari kwamba wanatafuta mtu wa usafi.

"Dada, ni kazi ya kivulini," akasema. "Mshahara kila mwezi. Zege ni kazi ya kuvizia, leo ipo, kesho haipo."

"Huko wanacheka?" mke wangu akauliza.

"Kucheka nini tena, dada? Ni ofisi ile."

Akaingia ofisini. Alisema, "Wao kwanza, mimi baadaye." Mtaa ukamsifu. Majirani waliwaambia binti zao, mtazameni yule mama anavyojitolea. Na kweli mama mkwe alitunzwa, wadogo walisoma, binti yetu alisoma. Sisemi haikuwa kitu.

Lakini ofisini sakafu inang'aa na watu wananong'ona. Walimpa ndara za mpira zisizolia. Walimwambia asipige mluzi. Alijifunza kupita kama kivuli cha mtu, na hicho kivuli ndicho kilichorudi nyumbani jioni. Nikimwambia chumvi imekwisha, "Sawa." Nikimwambia mvua imeingia jikoni, "Sawa." Nikimwambia mdogo wake amefaulu, "Sawa, vizuri." Nyumba ilijaa sawa. Binti yetu, bado mdogo, aliniuliza siku moja, "Baba, mama anaumwa?" Nikamwambia amechoka. Lakini mimi nilikuwa nimemwona amechoka kwenye zege, saruji mpaka kwenye kope. Mtu aliyechoka hakuwa vile.

Miaka ikapita. Mama mkwe tukamzika. Wadogo wakapata kazi, wakaoa, wakaolewa. Binti akamaliza shule. Sababu zote zikaisha, kujinyima kukabaki. Mtu aliyezoea mzigo ukimtua, shingo yake inabaki imepinda.

Sasa nieleze siku ya dirisha.

Wakati huo tulikuwa tunajenga kwenye kiwanja cha jirani, ukuta kwa ukuta na ile ofisi. Siku ya kumwaga zege nilikuwa juu nachunga nondo zangu zisisogezwe. Wingu lilikuwa limeshuka, jeusi, na dari ilikuwa haijafika nusu. Vibarua wengi walikuwa vijana wapya. Mstari ulikuwa umelegea vibaya. Msimamizi alitukana mpaka akakauka koo, na matusi kwenye zege hayasaidii, yanaongeza uzito tu. Nilikuwa natazama wingu, natazama dari, najua kabisa hatumalizi.

Dirisha la ofisi likafunguka. Mke wangu alikuwa ametumwa kuyafunga madirisha, vumbi lisiingie. Kichwa chake kikatoka, na kitambaa cha usafi kichwani.

"Nyie wa chini!" akasema. "Mmefiwa?"

Watu wakainua macho.

"Nauliza, maana naona mnapeana karai kama mnapeana pole!"

Kijana mmoja akacheka. Kisha sauti ile, niliyodhani imekufa, ikashuka juu yetu: "Karai likija?"

Vijana hawakujua. Mlingoti, nywele nyeupe sasa, mgongo umepinda, ndiye aliyejibu peke yake: "Lipishe!"

"Likikaa?"

"Litazaa!" Safari hii walikuwa watano, sita. Mara ya tatu ulikuwa mstari mzima. Nyuma yake dirishani akatokea mwanaume mwenye tai, mdomo wazi. Mke wangu hakumwona, au alimwona. Dirisha likabaki tupu. Nilidhani amekamatwa. Kumbe anashuka ngazi. Alitokea getini kwetu na sare ya ofisi na zile ndara, akampiga Mlingoti kiwiko, akasema, "Sogea, babu, nafasi yangu hiyo."

Tulimaliza. Tone la kwanza la mvua lilianguka tunafunika kwa turubai.

Kesho yake mkuu wa ofisi alimwita. Hakumfukuza. Alimwambia, "Mama, tulikuwa na wageni. Usirudie tena."

"Siwezi kukuahidi, mkuu," akasema. Akarudi nyumbani, akaifua sare, akaipiga pasi, akairudisha.

Shemeji alikuja jioni hiyo hiyo bila kubisha hodi.

"Dada, umenivua nguo! Mkuu ananiuliza ndani ya gari, yule ni dada yako kweli?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikasema tumbo moja."

"Sasa aibu iko wapi? Si umesema kweli?"

"Mtu mzima wewe! Kesho keshokutwa bibi! Unarudi kubeba karai? Umejitolea miaka yote hiyo, leo unamwaga?"

"Nimejitolea kwa nani sasa?" mke wangu akasema. "Mama kazikwa. Wewe una gari la kuendesha na kitambi cha kusukumia usukani. Mtoto kamaliza shule. Nimejinyima, mdogo wangu, mpaka nikaanza kuwanyima na watu wa humu ndani. Hebu uliza nyumba hii ilinisikia mara ya mwisho lini." Akanigeukia. "Eti, Bubu?"

"Siku nyingi," nikasema.

Shemeji akatikisa kichwa. "Furaha haipikwi, dada."

"Na huzuni je? Ulishaila ukashiba?"

Alikunywa chai yake akaondoka, na mlangoni nilimwona anazuia kucheka.

Akarudi kwenye karai, tukapunguza sukari, tukapunguza na mambo mengine. Lakini nilikuwa nasikia anakuja tangu kona ya mtaa, anagombana na muuza mkaa, anamtania fundi viatu. Majirani wale wale waliomsifu walianza kuguna. Mama mzima, walisema, kaupenda ujana. Yeye aliwajibu, "Ujana nilikuwa na kazi sikuupata. Ndiyo naufikia sasa."

Binti yetu aliishi kwenye kelele hizo za mara ya pili. Alikuwa anatufuata kazini, akatazama mitambo. Siku moja akasema anataka kujifunza kuendesha greda, lile tingatinga la kusawazisha barabara. Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Mama yake hakucheka. Alimuuliza kitu kimoja tu.

"Ukiwa juu yake, unasahau kula?"

"Nasahau, mama."

"Basi panda."

Akapanda. Kampuni za barabara zikamchukua, mbali, anaishi kambini na wenzake, kambi inahama kila barabara inaposogea. Alikuwa akipiga simu, yeye na mama yake wanacheka kwa zamu, mimi nakaa pembeni nasikiliza.

Miaka hiyo haikuwa mingi. Nilidhani itakuwa mingi.

Mke wangu alirudi toka kazini jioni moja ya kawaida, jua bado lipo. Akakaa kwenye kizingiti. "Nivue buti, Bubu," akasema, "leo miguu imenisusia." Nilimvua moja. Akaomba maji kwanza. Nikaingia, nikachota. Niliporudi alikuwa ameegemea mlango, amefumba macho. Nikadhani ananitania, maana alikuwa na tabia hiyo. Nikamwambia amka, maji haya. Nikamwambia usinifanyie hivyo. Nikasema maneno mengi siku hiyo kuliko mwaka mzima, mpaka jirani akaja akanishika mkono.

Mguu mmoja bado ulikuwa na buti.

Daktari alisema ni moyo, ulianza kuharibika zamani. Nikamuuliza, ni kazi? Akasema hajui. Pengine ni kazi, pengine angekuwa amekaa kitini ingekuwa vile vile.

Msibani shemeji alilia sana. Katikati ya kilio akasema mbele za watu, "Angebaki kivulini, dada yangu angekuwa hai." Simlaumu. Mimi pia neno hilo nalala nalo.

Binti alikuja kuzika, akabaki. Alifua, alipika, alifagia uani asubuhi. Chumba cha pili nilisikia mtu anakohoa, anageuka kitandani, na nikalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu mama yake alipoondoka. Sifichi. Nilitaka abaki. Nilianza hata kuzoea.

Siku moja nikasikia simu yake inaita, anajibu kwa sauti ya chini. Alipomaliza nikamuuliza ni nani.

"Msimamizi wa kambi. Nimemwambia sirudi."

"Na greda?"

"Atapewa mwingine. Wamenipa mpaka mwisho wa wiki nifikirie, lakini nimeshafikiri. Usijali, baba. Mjomba kanitafutia nafasi ofisini kwao. Ni kupokea wageni tu. Nitakuwa narudi jioni."

Akanipakulia chakula. Nikamwambia chumvi kidogo imepungua.

"Sawa, baba," akasema.

Mkono wangu ukasimama na tonge hewani. Nikamtazama. Uso ulikuwa umetulia, mikono inakunja kitambaa, inakunjua, inakunja tena. Nilikuwa namfahamu mtu huyo. Nimekaa naye nyumba moja miaka mingi.

"Rudi kwenye greda," nikasema.

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

"Utapikiwa na nani? Ukianguka hapo uani, nani atajua?"

"Jirani."

"Jirani!" Akaweka kitambaa chini. "Kwa hiyo hunitaki."

"Nakutaka."

"Sasa?"

Maneno yalikuwepo, lakini mimi si Redio, kwangu yanakwama. Nikasema, "Mama yako alitoka kwenye ile ofisi."

"Na yuko wapi?" Sauti yake ikapanda. "Yuko wapi sasa, baba? Furaha ndiyo iliyomuua mama. Wote mnaogopa kusema ila mjomba. Mimi ningemtaka amenyamaza hivyo hivyo, amekaa hapa, nimshike."

Nilimwacha alie. Kisha nikasema, "Wewe ulikuwa mdogo. Wakati wa ofisi uliniuliza kama mama anaumwa. Unakumbuka?"

"Hapana."

"Uliuliza. Nami hata leo sijui kilichomuua. Lakini miaka ile pia hatukuwa naye. Alikuwa anakaa hapo ulipokaa, na hakuwepo. Nimemkosa mara mbili. Hii ya pili inauma zaidi, lakini ile ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu alikuwa ananiona namkosa. Usinifanyie ya tatu."

Hakuwahi kunisikia nikisema maneno marefu hivyo.

"Mama alikuwa na wewe," akasema taratibu. "Wewe una nani?"

Nikainuka kuosha sahani.

Shemeji alikuja kesho yake akiwa na habari zote. "Shemeji, unamfukuza mtoto? Mtu mzima umebaki peke yako, damu yako inataka kukupa maji ya kunywa, unaifukuza?"

"Nafasi ya ofisini mpe mwingine," nikamwambia.

"Utajuta."

"Ndiyo."

Alingoja niseme zaidi. Akakaa karibu yangu kwenye benchi, mzee na mwenzake, akashika goti langu akalibana, akaenda zake.

Lori la kampuni lilimchukua binti kona ya mtaa. Alikuwa amefua mashati yangu yote na kuyapanga, na hakuniaga vizuri. Alisema, "Haya, baba," akapanda na begi lake, akatazama mbele. Nilisimama pale mpaka wauza duka wakaanza kuniuliza kama nimepotea.

Sasa nakula kwenye sufuria, nimesimama. Mchana natembea kwenye majengo. Siku hizi zege linapandishwa kwa mashine, bomba linatapika juu, vijana wamesimama mikono mfukoni. Hakuna mstari. Natazama nondo kama zimefungwa vizuri, natafuta pengine pa kwenda.

Watu mtaani wananisifu. Wanasema mzee yule kajitolea, kamruhusu mwanawe aende. Sitaki sifa hiyo, niliona ilivyomfanya mke wangu. Mimi sikujitolea chochote. Nilitaka tu mahali fulani duniani kuwe na mtu wa damu yake anayecheka. Nikikosa hata hicho, basi nimezika wote.

Binti hakupiga simu. Nikimpigia haikupokelewa. Nilidhani nimekosa yote mawili, mtoto na kicheko chake.

Alipiga mchana mmoja, nyuma yake mtambo unanguruma. Akaniuliza nimekula. Nikasema nimekula. Akaniuliza goti linauma bado. Nikasema lipo. Mtambo ukasema peke yake. Kisha akasema, "Baba, jana ng'ombe kalala katikati ya barabara. Nikapiga honi, hatoki. Msimamizi akashuka, akamsukuma, hatoki. Nikashuka mimi, nikamwinamia sikioni, nikamwambia, mheshimiwa, tunaomba radhi, tulikuwa hatujui kama umehamia." Akaanza kucheka. Alicheka vizuri, toka tumboni. Ghafla akakata.

"Samahani, baba."

"Ya nini?"

"Nimecheka."

"Ng'ombe alitoka?"

"Hakutoka!" Kicheko kikamtoka tena, hakuweza kukizuia. "Alinilamba uso, baba! Tukamzunguka, barabara pale ina kona mpaka leo!"

Nikasogeza simu mbali na mdomo, asinisikie nalia.

"Baba? Upo?"

Nikairudisha simu mdomoni.

"Nipo," nikasema. "Endelea."